Mgonjwa wa Bwana Shee

Nilikwenda Lamu kupumzika. Nayaweka maneno haya mwanzoni kabisa, kwa sababu huko nilikokwenda niliyasema mpaka ulimi ukakauka na hakuna aliyeyaelewa.

Ninyi wa nyumbani mnanijua. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja hata shati likanikaukia kwenye kamba. Miaka hiyo nilikuwa taniboi wa lori la mizigo kati ya Voi na Mombasa. Kila Desemba tulibeba vitu vya Wazungu walioshuka pwani: miavuli mikubwa, viti vya kukunja, taulo, vindoo vya watoto vya kuchezea mchanga. Walikwenda weupe wakarudi wekundu, ngozi zikiwabambuka puani, na wote walikuwa wakicheka. Nikamwuliza dereva wangu huko wanafanya nini. Akasema, "Hakuna. Wanalala." Jibu hilo lilinikaa rohoni. Watu wanasafiri mwendo wote ule, na mizigo yote ile, kwenda kulala! Nikataka kujua kuna nini ndani yake.

Injini ya lori ilipokufa na tajiri akatuambia tukae nyumbani mpaka vyuma vifike kutoka ng'ambo, nilipanda Taita nikatangaza sokoni kwamba mimi nami nakwenda likizo baharini. Mnakumbuka mlivyocheka. Mjomba aliuliza nitarudi na nini. Nikasema sitarudi na kitu. Nitaingia baharini mpaka shingoni, nitalala mchangani, basi.

Mama akasema, "Mpaka shingoni? Wewe unayeshinda Mombasa na hujalowesha hata kifundo cha mguu?"

Ilikuwa kweli. Mombasa kila nikionekana mtu ananitwika gunia. Ndiyo maana nikachagua Lamu, ambako hakuna aliyeijua sura yangu. Nikaapa mbele ya wauza ndizi na wauza ugoro kwamba nisipofika shingoni, mniite mwongo mpaka nizeeke.

Mombasa nilimwendea Athmani, muuza kahawa wa Majengo, ambaye ndiye mtu wa Lamu pekee niliyemjua. Alikuwa ameondoka kwao miaka mingi na hajarudi hata mara moja. Kwa nini, sikuuliza, na mnajua mimi ni mtu wa kuuliza. Basi pimeni wenyewe uso wake ulivyokuwa nilipoutaja mji wao. Aliosha vikombe vyake vyote, vichafu na visafi, ndipo akasema, "Fikia kwa kakangu Shee, mtaa wa Mkomani. Yupo na mama yetu, Bi Rukia. Kuna mtu anatangulia na basi la kesho, nitampa salamu."

"Utasemaje?"

"Nitasema, anakuja mtu wangu kupumzika."

Niliona ni maneno mazuri. Hata nilimshukuru.

Njia ya Malindi ilikuwa na vivuko na vumbi, si haba. Ni baada ya Malindi ndipo safari ilipoanza kunionea. Nilipata lori lililobeba saruji, nikakaa juu ya mifuko. Garsen askari alinishusha. Nyakati zile mtu wa bara hakusafiri bila kuulizwa.

"Lamu unakwenda kufanya kazi gani?"

"Sina kazi. Nakwenda kupumzika."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Mtu mweusi anapumzika?"

"Ndiyo, afande."

"Kutokana na nini?"

Alinisimamisha juani mpaka dereva akaja kuniapia kwamba mimi ni mjinga tu, si mtu mbaya. Kutoka hapo mpaka Witu mvua ilinyesha, na saruji ikianza kulowa hukaa mgongoni kama ukoko wa sufuria. Mara nyingi nisizotaka kuzikumbuka tulishuka tukasukuma. Mimi, niliyekuwa likizo, nilisukuma kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mzoefu.

Mokowe nilifika mgongo umepinda, sauti imenikauka kwa kupiga kelele za kusukuma, uso mweupe kwa saruji. Sikujua kwamba salamu za Athmani zilikuwa zimenitangulia, na kwamba kila mahali zilipolala ziliamka zimenenepa. Malindi nilikuwa mtu wa kupumzika. Witu nilikuwa mtu aliyeambiwa na daktari apumzike. Zilipovuka maji kuingia Lamu, nilikuwa mtu ambaye madaktari wa Mombasa wamemwinulia mikono.

Gatini Lamu, motaboti lilipofunga, niliona watu wamesimama na punda. Punda yule ametandikwa godoro.

"Ndiye?" mmoja akauliza.

"Ndiye. Mtizame mgongo. Na uso ulivyopauka, maskini!"

Akatoka mbele mtu mrefu mwenye kanzu safi na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono. Alikuwa Bwana Shee mwenyewe, mfanyabiashara wa boriti za mikoko. Jina langu ni Josefu, lakini yeye alianza hapo hapo kuniita Yusufu, na sikupata tena nafasi ya kulirudisha.

"Karibu, Bwana Yusufu. Usiseme kitu. Nyamaa kwanza, upumue."

Nikajaribu kusema mimi ni mzima. Sauti ikatoka kama ya mlango mbovu. Wakatikisa vichwa, wakanipandisha punda. Nimewahi kubeba piano mgongoni, mimi, nikapandishwa kilima kidogo cha Lamu kwa punda mwenye godoro, watu wawili wamenishika kiuno nisianguke, na kwenye kila baraza watu wakisimama kuniombea dua.

Jioni hiyo nilifanya kosa lililoniharibia mengine yote. Walinilaza kwenye sabule, kile chumba cha wageni kilicho karibu na mlango wa nje, juu ya kitanda kirefu ambacho mtu hukipanda kwa kigoda. Akaja mwalimu mmoja mzee, mpole sana, na bakuli jeupe la kaure. Ndani mlikuwa na maji ya manjano yenye harufu ya waridi. Nikajua: hii ndiyo sharubati wanayowakaribishia wageni. Watu hawa ni waungwana! Nikanywa yote, nikapangusa mdomo, nikasema, "Tamu sana. Ipo nyingine?"

Mwalimu akachungulia bakuli tupu. Kisha nyuma ya pazia sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Alhamdulillahi! Dawa imempenda."

Ndipo Bwana Shee akanieleza. Lile lilikuwa kombe. Mwalimu alikuwa amekaa tangu adhuhuri akiandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, kisha akaziosha kwa marashi, maji yale ndiyo niliyoyanywa. Mimi ni mtu wa misheni, lakini maneno ya Mungu huwezi kuyatapika. Nikasema asante.

"Ila," mwalimu akasema, "kombe lina miiko yake. Usile samaki. Usikae yuwani. Na mai ya pwani usiyaguse hata kwa kidole, mpaka litimie."

"Litatimia lini?"

"Inshallah," akasema mwalimu.

Siku zilizofuata nilikaa kisiwani pasipo kuiona bahari. Niliisikia. Niliinusa. Harufu ya samaki wa kuchoma iliingia dirishani mchana na jioni, nami naletewa kuku. Asubuhi uji wa mtama na mayai, adhuhuri kuku wa nazi, baada ya alasiri halua na kahawa, na jioni kombe. Kila sinia lilipotoka, sauti ya Bi Rukia iliuliza nyuma ya pazia, "Amemaliza?" Nikibakisha, mwalimu anaitwa. Nikimaliza, sinia la pili linaongezwa ukubwa. Nikasema, "Bi Mkubwa, mimi siumwi." Akajibu kwa upole mkubwa kabisa, "Hapana, mwanangu. Huumwi. Kula."

Nilijaribu kutoroka mchana mmoja wenye mawingu. Nilitaka kwenda Wiyoni, ambako niliambiwa mtu hupata kuona maji na vyombo vikipita. Njia za Lamu ni nyembamba, kuta ndefu pande zote mbili, na barazani daima pana mtu.

"Bwana Yusufu! Wendapi?"

"Natembea tu."

"Yuwani?"

"Hakuna jua, mzee. Ni mawingu."

"Na upepo je?"

Akanyanyuka, akanishika mkono, akanisindikiza mpaka baraza ya pili. Mwenye baraza ya pili akanipokea, akanirudisha mpaka ya tatu. Hivyo hivyo, mkono kwa mkono kama kifurushi cha posta, mpaka nikajikuta mbele ya mlango wa Bwana Shee, na yeye amesimama na shali.

Mara ya pili nilitumia akili. Nilingoja mpaka wanaume wote wameingia msikitini alfajiri, nikateremka pwani peke yangu, nikafuata ufuko kwenda Shela. Maji yalikuwa yametoka, mchanga mgumu chini ya miguu, na hewa ile... ngoja, nikiielezea mtadhani nilifurahi. Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Nilipofika Shela jua lilikuwa limepanda, na ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye mchanga wa Ras Kitau, niliona mwavuli. Mwavuli wenye mistari myekundu, aina ile ile niliyoibeba mabegani miaka yote. Chini yake alilala Mzungu kifudifudi, na watoto wake walikuwa majini wakirushiana, wakipiga mayowe. Hakuna aliyewanywesha kitu. Hakuna aliyewaletea shali.

Palikuwa na mwenye mashua akisafisha chombo chake. Nikamwambia, "Bwana, nivushe pale. Pale penye mwavuli."

Akaniangalia sana. "Wewe si mgonjwa wa Bwana Shee?"

"Mimi mzima!"

"Mtu mzima hafoki namna hiyo."

"Nafoka kwa sababu ninyi—"

"Basi, basi. Panda, nikupeleke. Usiusumbue moyo."

Nikapanda. Nikakaa mbele kabisa, uso kwenye upepo, mkono wangu umetoka nje ya ubao tayari kugusa maji. Tulipokwisha kutoka ufukoni aligeuza chombo, tukaipa Ras Kitau mgongo, akanirudisha mpaka gati la mjini. Nauli hakutaka. "Kwa mgonjwa? Haifai. Niombee tu."

Siku ile nililipuka. Nilisimama katikati ya sabule nikamwambia Bwana Shee kwamba mimi si mgonjwa, sijawahi kuwa mgonjwa, nimetoka Taita kwa jambo moja tu, kuingia baharini mpaka shingoni, na kwamba lori la kunirudisha linaondoka Mokowe kesho kutwa. Nyumbani kwetu soko zima linaningoja. Nikienda bila kulowa nitaitwa mwongo mpaka kaburini.

Bwana Shee alisikiliza yote. Kisha akamgeukia mwalimu. "Waona? Ameanza kuweweseka."

"Nataka mtu aniambie," nikapiga kelele, "kwa nini nyumba hii inaniogopea hivi! Mimi ni nani wenu?"

Bwana Shee alitazama chini, mwalimu akakusanya juzuu zake. Aliyejibu ni Bi Rukia, nyuma ya pazia lake, na safari hii sauti yake haikuwa ya kubembeleza mgonjwa.

"Athmani alitoka nyumba hini kwa hasira," akasema. "Yeye na Shee. Mambo ya babao, mambo ya kitoto, nimeyasahau. Tangu siku hiyo hakutuma barua, hakutuma salamu, hakutuma hata kipande cha nguo. Mwaka huu ametuma mtu. Amesema, huyu mtu wangu, apumzike kwetu. Basi mimi nikurejeshe kwake umekonda? Nikurejeshe umekufa maji? Atasema nini, mwanangu? Atasema, hata mtu mmoja wameshindwa kunitunzia."

Nikakaa kitini. Hasira yangu ilibaki, lakini sikujua tena niielekeze wapi. Huwezi kumfokea mama mzee aliyejificha nyuma ya pazia akilia.

Kesho yake asubuhi mashua kubwa ilikuwa pwani ikipakia boriti za Bwana Shee, na wapagazi walikuwa pungufu. Bwana Shee alikuwa akihangaika huku na huku, maji yanapungua, chombo kitakwama. Nilikuwa nimekaa kivulini, nimefunikwa shali, nikitazama wale watu wakibeba boriti moja moja kama wanawake waliobeba kuni. Sikuweza kuvumilia. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikavua shali, nikajifunga kikoi, nikajitwika boriti mbili begani, nikazipeleka chomboni mbio. Nikarudi nikachukua nyingine mbili. Nikawapangia wale wapagazi mstari, nikawaimbia wimbo wa kupakia mkonge tunaouimba Mwatate, na mashua ikajaa kabla maji hayajaondoka.

Nilipogeuka, pwani nzima ilikuwa imesimama. Wauza samaki, maseremala, wazee wa barazani, wote. Nikasema moyoni: haya, sasa wameona. Sasa wataniamini kwamba siku zote nilikuwa mzima.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Kombe limetimia!"

"Allahu akbar! Mtizameni! Juzi alipandishwa punda!"

Wakamwendea mwalimu wakambusu mkono. Mwalimu mwenyewe alinitazama kwa macho yenye machozi, kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga. Nifanye nini? Nikampa mkono nami. Lakini nataka ijulikane hapa, kwa maandishi, kwamba nilikuwa na nguvu zile nilipofika.

Alasiri hiyo Bwana Shee akanipeleka baharini. Ndiyo, mwenyewe. Tulikwenda kwa mguu mpaka Shela na kuipita, mahali vilima vya mchanga vinapoanza na ufuko unakwenda mpaka macho yachoke, bila nyumba wala mtu. Mtu nimesema hakuna, lakini nyuma yetu ulikuja nusu ya mtaa wa Mkomani kutazama. Mawimbi yalikuwa makubwa, yanatoka kwenye bahari kuu. Nikavua shati, nikatangulia.

"Ngoja," akasema Bwana Shee, akatoa chini ya kanzu kamba ya katani.

"Ya nini hiyo?"

"Ulipona asubuhi, Bwana Yusufu. Hata siku haijapita."

"Siingii na kamba."

"Basi tutarudi. Mama ameniapisha."

Nikafungwa kiunoni kama ng'ombe wa kupelekwa mnadani. Nikaingia. Maji yalikuwa ya moto juu na baridi chini, na mchanga ulikimbia chini ya nyayo zangu kila wimbi lilipovuta. Mama, ni chumvi kweli, nilionja. Nikafika magotini, kiunoni, kifuani. Hapo kamba ikakaza. Nikageuka: Bwana Shee amesimama ufukoni, kanzu ameikusanya, miguu ameichimbia mchangani, mikono miwili kwenye kamba, na uso wa mtu anayemshikilia mtoto dirishani.

"Legeza!"

"Hapo panatosha!"

"Niliapa shingoni!"

"Hapo ni karibu na shingo!"

Hakulegeza. Basi nikafanya lililowezekana. Nikachutama. Maji yakapanda mabegani, yakafika shingoni, yakafika kidevuni, nami nikafumba macho nikasema moyoni, hii ndiyo, hiki ndicho wanachokifuata wale watu na miavuli yao. Likaja wimbi likanipita juu ya kichwa. Bwana Shee aliponikosa machoni alipiga ukelele, na mtaa mzima wa Mkomani ukashika kamba. Nilivutwa nje kwa tumbo, nikikwangua mchanga kwa kifua, kama nguru aliyenasa mshipini. Nikalala pale mchangani kifudifudi, natapika chumvi. Kwa hiyo hata ile sehemu ya kulala mchangani nayo niliitimiza.

Asubuhi ya kuondoka Bi Rukia aliniaga kupitia pazia. Nikamwuliza kama ana kitu cha kumpelekea Athmani.

"Sina kitu. Nimekunenepesha wewe. Akikuona, atajua."

Njia ya kurudi ilikuwa kavu, na kwenye mizani ya saruji dereva alisema nimeongeza uzito wa mfuko mzima. Garsen askari yule yule aliniuliza kama nimepumzika. Nikamwonyesha tumbo.

Mombasa nilimkuta Athmani palepale, na birika lake na vikombe vyake. Aliponiona aliweka birika chini. Alinizunguka, akanishika shavu, akanipiga tumbo kwa kiganja.

"Wamekunywesha kombe?"

"Kila jioni."

"Na kuku?"

"Athmani, sitaki kusikia habari za kuku mpaka mwaka kesho."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika. Akauliza polepole, "Shee alikuwaje?"

"Alinifunga kamba nisife maji."

Athmani akaanza kuosha vikombe vyake, vichafu na visafi. Mteja alikuja akataka kahawa, hakumsikia. Nikamwacha na mteja wake, nikapanda gari la Voi.

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi nilijifunza nini. Kwanza, mtu akitaka kupumzika pwani, aseme anatafuta kazi. Watu watamwacha aogelee anavyotaka. Pili, shingoni nilifika. Kama kuna anayebisha, amwulize Bwana Shee, ana alama ya kamba viganjani.

Lori lilipopona nilirudi kazini, na safari ya kwanza ya Mombasa nilipita Majengo kumsalimu Athmani. Pale pake palikuwa patupu, jiko limefunikwa gunia. Nikamwuliza fundi cherehani wa jirani.

"Athmani? Amekwenda kwao Lamu, kupumzika."

Nami, baada ya yote yaliyonipata, nikashtuka nikauliza, "Kwani anaumwa?"